Je, Wajua? Safari, Mshahara na Kisonono

Je, wajua kuwa kidonda cha kaswende kwa kawaida hakiumi? Hutokea kati ya siku 10 na 90 baada ya mtu kuambukizwa, mara nyingi kwenye wiki ya tatu. Hukaa wiki tatu hadi sita, kisha hujifunga chenyewe bila hata kidonge cha panadoli. Sasa chukua kalenda ya dereva anayepakia bandarini Dar es Salaam kwenda Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia na Kongo. Avuke Tunduma, akae foleni, ashushe, asubiri mzigo wa kurudia. Kidonda kinaweza kuzuka akiwa njiani na kufutika kabla hajamwona mganga yeyote. Anafika nyumbani ngozi safi, vimelea vimo mwilini. Miaka mingi baadaye ugonjwa uleule unaweza kuibukia kwenye moyo, macho au ubongo, na hapo hakuna atakayeikumbuka gesti ya Nakonde, ng'ambo ya Tunduma.

Kisonono hakina subira hiyo. Kwa mwanaume, usaha na mkojo unaochoma huja mara nyingi ndani ya siku 2 hadi 7. Kwa mwanamke mara nyingi hakioneshi dalili yoyote, mpaka kimepanda kwenye mirija ya uzazi. Klamidia na trikomona ndizo mabingwa wa kunyamaza: wanaume wengi wenye trikomona hawajui kabisa kama wanayo. Kwa hiyo ile kauli ya kijiweni, "mimi najijua, niko fiti," haina uzito wowote maabara.

Je, wajua ukubwa wa jambo lenyewe? Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 watu wa miaka 15 hadi 49 walipata maambukizi mapya milioni 374 ya magonjwa manne tu: trikomona milioni 156, klamidia milioni 129, kisonono milioni 82 na kaswende milioni 7.1. Hayo ni zaidi ya milioni moja kila siku. Na yote manne yanatibika. Kaswende ya awali huondoka kwa dozi moja ya sindano ya benzathini penisilini, dawa ya zamani na ya bei ndogo. Imekuwa ya bei ndogo mno kiasi kwamba viwanda vichache tu ndivyo vilivyoendelea kuitengeneza, na katikati ya miaka ya 2010 nchi nyingi ziliishiwa.

Je, wajua kuwa mhuri wa forodha unaogongwa haraka nao ni kinga? Watu hupenda kusema madereva wanaeneza magonjwa kwa sababu ya tabia. Mimi naangalia saa. Lori linalosimama usiku mmoja lina dereva aliyelala kwenye kibanda chake. Lori linalosimama siku tano lina dereva na utingo wake wanaotafuta wali, maji ya kuoga, mahali pa kuchajia simu na mtu wa kuongea naye. Kuna pesa ya safari mfukoni, baa iko hatua chache, na mhudumu wa baa naye ametoka mkoa mwingine na analipwa kidogo. Januari 2022, wakati Uganda ilipodai vipimo vya korona mpakani na madereva wakagoma, foleni ya Malaba ilifika makumi ya kilomita. Vituo vya pamoja vya forodha, kama vya Malaba, Busia, Namanga, Rusumo na Tunduma, vilijengwa kwa ajili ya biashara, lakini kila siku inayookolewa mpakani ni siku moja pungufu ya mtu kukaa bila kazi mbali na kwake.

Na hata akitaka kutibiwa? Zahanati nyingi za umma hupokea wagonjwa wa nje asubuhi hadi alasiri. Malori huegeshwa jioni. Dereva akifika, mganga ameshafunga. Mganga akifungua, lori limeshaondoka. Anayebaki ni muuza dawa baridi, na huyo hana kipimo, ana kopo la vidonge.

Ndiyo maana kuna watu waliofikiria kontena. Shirika la North Star Alliance, lililozaliwa mwaka 2006 kwa ushirikiano wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na kampuni ya usafirishaji ya TNT, lilianza kugeuza makontena ya meli kuwa zahanati ndogo za rangi ya buluu kando ya barabara. La kwanza liliwekwa Mwanza, lakini Mwanza ya Malawi, mpakani na Msumbiji, si ile ya sangara. Nchini Kenya yakafuata maeneo ambayo kila dereva anayajua hata usingizini: Mlolongo, Salgaa, Emali, Maai Mahiu. Hufunguliwa pia jioni, madereva wanapopaki. Wanaohudumiwa si madereva tu: wanawake wanaofanya kazi palepale kituoni nao wanaingia mlango huohuo.

Na kwenye hiyo Mwanza ya sangara, ya Tanzania, palifanyika moja ya majaribio yaliyobadilisha mawazo ya dunia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walichukua jamii 12 za mkoa ule, wakazigawa mbili mbili. Katika nusu waliwafundisha wahudumu wa zahanati za kawaida kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, bila kungoja maabara, na wakahakikisha dawa zipo. Nusu nyingine ilisubiri. Matokeo yalipotoka mwaka 1995, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa yamepungua kwa takriban asilimia 40 kwenye jamii zilizohudumiwa. Kidonda na uvimbe sehemu za siri huvipa virusi njia ya kupita, basi ukiviponya unaifunga. Lakini subiri kushangilia: ng'ambo ya Ziwa Victoria, Rakai nchini Uganda, waligawa dawa kwa watu wote kwa mkupuo kila baada ya miezi kadhaa, na VVU havikupungua. Hapo ndipo wengi waliposhika kwamba zahanati iliyo wazi kila siku, inayompokea mgonjwa siku anayoumwa, ni jambo tofauti na kampeni inayopita na gari la matangazo.

Je, wajua kuwa mwezi wa angani una ratiba yake katika suala hili? Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Usiku wa giza, wavuvi wako majini. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haivuti dagaa, na watu hubaki nchi kavu siku kadhaa, wakiwa na fedha za giza lililopita. Mwenye baa mwaloni anajua tarehe hizo vizuri kuliko ofisi yoyote ya afya. Anayepanga upimaji wa wavuvi wa Ukerewe au Goziba bila kuangalia mwezi atakuta mialo ina nyavu zinazokauka na watu waliolala baada ya kukesha, au asikute mtu kabisa.

Upande wa Kenya, Homa Bay, Siaya na Kisumu, kuna mpango unaoitwa jaboya: mwanamke anayenunua samaki hupewa nafasi ya kwanza na mvuvi anayelala naye. Mama anaamka saa kumi alfajiri na beseni lake, na samaki ni wachache kuliko mabeseni. Kumhubiria abadilike wakati beseni ni tupu na watoto wanasubiri ada ni kupoteza maneno. Wanawake wa ufuo mmoja wa kaunti ya Kisumu walijaribu njia nyingine: walipata mitumbwi yao wenyewe na kuajiri wanaume wawavulie. Mwenye mtumbwi hagombanii samaki wa kwanza. Kisha mwaka 2020 ziwa likafurika na kuvuruga kijiji na mafanikio yale kwa pamoja.

Rakai tumeitaja, turudi kidogo, kwa sababu takwimu zake ni za kukaa nazo. Katika mialo ya wilaya ile na jirani zake, utafiti uliotangazwa mwaka 2016 ulikuta karibu watu wazima 4 kati ya 10 wana VVU, wakati katika vijiji vya wakulima vya eneo lilelile ilikuwa karibu 14 kati ya 100. Wengi wangeandika kwamba mwalo umeshapotea. Lakini katika mialo minne, dawa za kupunguza makali ya VVU zilisambazwa kutoka asilimia 16 ya wenye virusi hadi asilimia 82, na tohara ya wanaume ikapanda kutoka asilimia 35 hadi 65. Kufikia 2017 maambukizi mapya yalikuwa yamepungua kwa karibu nusu. Watu walewale, ziwa lilelile, baa zilezile.

Tohara hiyo haikuletwa kwa kubahatisha. Majaribio matatu, Orange Farm Afrika Kusini, Kisumu na Rakai, yalionesha kuwa hupunguza uwezekano wa mwanaume kupata VVU kutoka kwa mwanamke kwa takriban asilimia 60, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Angalizo kwa wanaoharakia: kidonda kipone kwanza, wiki sita. Na tohara haizuii kisonono wala klamidia.

Je, wajua kuwa si kila mara msafiri ndiye anayeleta? Katika KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, watafiti waliwapima wachimba migodi na wafanyakazi wengine waliokuwa wakienda mbali pamoja na wake zao waliobaki vijijini. Kati ya wanandoa ambao mmoja tu alikuwa na virusi, karibu mara 3 kati ya 10 mwenye virusi alikuwa mke. Matokeo hayo ya mwaka 2003 yaliwakera wengi, wanaume kwa wanawake. Mimi naona yanasema jambo la wazi: utengano una watu wawili. Aliyeondoka ana upweke wake, na aliyebaki ana wake, pamoja na mkopo wa duka usiolipika kwa sababu fedha za mwezi hazijatumwa.

Na utengano huo ulipangwa na watu, kwenye makaratasi. Machimbo ya almasi ya Kimberley yalianza kufungia wafanyakazi kwenye kambi za wanaume pekee katika miaka ya 1880. Huku kwetu mashamba ya mkonge ya Tanganyika yaliletewa manamba kutoka mbali kwa mikataba, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi maalumu ya kuwakusanya, SILABU. Mwajiri alihitaji mikono. Familia aliiona gharama. Chumba cha watu wanane kisicho na mlango wa mke bado kipo kwenye maeneo mengi ya ujenzi leo, kimebadilishwa mabati tu.

Tunaposema "mfanyakazi msafiri," wengi hupata picha ya mwanaume. Mchuma chai wa Kericho mara nyingi ni mwanamke aliyetoka kaunti nyingine, na nyapara ndiye anayeamua atachuma wapi na kama kesho ana kazi. Februari 2023 BBC ilirusha uchunguzi ambamo wanawake zaidi ya 70 wa mashamba ya chai ya Kenya walisema walidhalilishwa kingono na wasimamizi wao. Ushauri wa "tumia kondomu kila mara" unamfikia vipi mtu ambaye hakuulizwa? Kinga yake inaanzia kwa nani anayegawa vibarua, na namba ya simu ya malalamiko ambayo haipokewi na nyapara yuleyule.

Kwa aliyebakwa, au aliyepasukiwa na kondomu, saa ndizo zinazohesabiwa. Dawa za kuzuia VVU baada ya tukio huanzwa mapema iwezekanavyo, na kikomo ni saa 72. Humezwa siku 28. Kituo cha afya kitampa pia dawa za kuzuia kisonono, klamidia na kaswende, na za kuzuia mimba. Aende hivyohivyo alivyo, usiku huohuo. Kungoja kurudi mkoani kwake ni kuuza ile nafasi.

Je, wajua kuwa anayekwenda Ghuba hupimwa kabla hajaiona ndege? Oman, Saudia, Falme za Kiarabu, Qatar, Kuwait na Bahrain hutaka mfanyakazi apimwe VVU, homa ya ini, kaswende, kifua kikuu, na kwa wanawake ujauzito. Akikutwa na VVU, hakuna visa; akikutwa navyo akishafika, hurudishwa. Kipimo hicho kinailinda nchi inayoajiri. Dada wa kazi kutoka Tanga au Mombasa, akiambukizwa ndani ya nyumba anayofanyia kazi na tajiri wake, ndiye atakayepandishwa ndege, na mara nyingi hatapewa hata maelezo ya nini kimeonekana kwenye damu yake. Kwa hiyo mwenye kwenda: dai nakala ya majibu yako yote kabla ya kuondoka. Na ukirudi, pima upya. Kumbuka pia kipindi cha mpito: VVU vilivyoingia juzi vinaweza visionekane kwenye kipimo cha kidole kwa wiki kadhaa, hata miezi mitatu.

Nyumbani sheria iko upande mwingine. Kenya tangu sheria yake ya 2006, na Tanzania tangu ya 2008, hazimruhusu mwajiri kumlazimisha mtu kupima VVU. Tanzania ilirekebisha sheria mwaka 2019 ikaruhusu mtu kujipima mwenyewe. Kijaribio cha mate kinatosha mfuko wa shati na hakihitaji foleni; kikionesha virusi, kinahitaji kuthibitishwa kituoni.

Haya, kondomu, maana barua nyingi za wasomaji zinauliza hilo. Joto ni adui yake. Ile pakiti iliyokaa wiki nzima juu ya dashibodi, jua la Mikumi likiipiga kupitia kioo, usiitegemee; hali kadhalika iliyokaa kwenye pochi ya nyuma na kukaliwa kutoka Mombasa mpaka Eldoret. Weka kwenye begi la nguo, katikati. Vaselini, mafuta ya nazi na losheni hudhoofisha mpira ndani ya dakika chache tu. Kilainishi kiwe cha maji. Kuvaa mbili kwa pamoja si usalama wa ziada, zinasuguana na kuchanika. Bonyeza pakiti kabla ya kufungua: kama haina hewa, itupe. Ya kike haihitaji kumngoja mwanaume awe tayari, na ndiyo sababu baadhi ya wanawake wa vituo vya malori huipenda kuliko wanavyokiri mbele ya wateja.

Je, wajua kuwa kisonono kimeshazishinda penisilini, tetrasaiklini na siprofloksasini katika sehemu kubwa ya dunia? Kinachotegemewa sasa hasa ni sindano ya seftriaksoni. Zile kapsuli nne za rangi mbili zinazouzwa bila swali kwenye duka la stendi huua vimelea dhaifu na kuwaachia wenye nguvu uwanja. Usaha ukikauka si lazima uwe umepona. Na ukitibiwa peke yako umetibiwa nusu: mwenza asiyetibiwa atakurudishia ulichomwachia, kwa hiyo mtibiwe wote, mkae siku saba baada ya dawa bila tendo. Kwa msafiri hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu "mwenza" anaweza kuwa watatu, katika miji mitatu, na mmoja hana simu. Mhudumu mzuri hatakugombeza kwa hilo. Atakuuliza namba.

Vidonge vya PrEP, ambavyo Kenya ilivizindua kitaifa mwaka 2017, humkinga asiye na VVU, ilmradi avimeze. Mwaka 2024 yakatoka matokeo ya lenakapaviri, sindano ya mara mbili kwa mwaka: kati ya wanawake na wasichana 2,134 wa Afrika Kusini na Uganda waliochomwa, hakuna hata mmoja aliyepata VVU. Sindano ya namna hiyo ni kama iliundwa kwa mtu asiyejua mwezi ujao atakuwa wapi. Ila si PrEP ya kidonge wala sindano hii inayogusa kaswende au kisonono.

Kulikuwa na tumaini la kumeza doksisaiklini baada ya tendo. Nchini Marekani ilipunguza kaswende na klamidia kwa wanaume waliojaribu. Kisumu, wanawake 449 walishiriki jaribio kama hilo, na haikuonekana tofauti ya maana. Watafiti wakapima nywele zao wakakuta wengi hawakuwa wakiimeza ipasavyo. Aliyewahi kuficha kidonge mbele ya mume au mama mkwe hatashangaa.

Kwa aliye na VVU na anasafiri: vituo vingi Tanzania na Kenya hutoa dawa za miezi mitatu, hata sita, kwa aliyetulia kwenye matibabu. Omba, usingoje uambiwe. Virusi vikishuka hadi kutoonekana kwenye kipimo, havimwambukizi mwenza kwa ngono. Kuhusu homa ya ini B, kuna chanjo, kwa kawaida dozi tatu ndani ya miezi sita. Ya kwanza ichomwe kabla ya kuondoka.

La mwisho linawahusu walioko kwenye miradi mikubwa. Katika mikataba ya FIDIC, yaani shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, inayotumika kwenye ujenzi unaofadhiliwa na benki za maendeleo, kuna kifungu cha 6.7. Kinamtaka mkandarasi aendeshe elimu ya VVU angalau kila baada ya miezi miwili, kwa wafanyakazi wote, kwa wakandarasi wadogo, kwa madereva na utingo wanaoleta mizigo, na kwa wanakijiji wa jirani. Kinamtaka atoe kondomu za kiume au za kike, na apange upimaji wa magonjwa ya zinaa na rufaa. Kinataja hata fungu la fedha lililotengwa kwa kazi hiyo. Benki ya Dunia haina utani na tabia za wafanyakazi wa miradi: Desemba 2015 ilifuta fedha za barabara ya Kamwenge nchini Uganda kwa sababu, miongoni mwa mengine, ya unyanyasaji wa kingono uliofanywa na wafanyakazi wa mkandarasi. Kwa hiyo msimamizi akikwambia mradi hauna bajeti ya kondomu, mwombe kwa heshima akufungulie ukurasa wa kifungu hicho.